Kuni za Jumapili

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na watoto wanne na meno mawili yameng'oka. Mwalimu wetu wa ngumbaru, shule ya watu wazima, alikuwa karani wa mizani, yule aliyepima debe za kahawa mchana. Saa kumi na moja jioni alitukusanya nyuma ya stoo, wanawake sita na mzee mmoja wa bustani, akatufundisha herufi kwenye mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Saa kumi na mbili filimbi ililia na kila mtu alitakiwa awe ndani ya laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi. Tulikuwa na saa moja tu kwa siku. Kwa saa hiyo moja, kwa miaka miwili, nilitoka kwenye a-e-i-o-u nikafika kwenye vitabu vya Musa.

Wenzangu walianza na Injili. Mimi nilianza mwanzo. Shamba hulianzi katikati. Nikapita bustani, nikapita gharika, nikapita Misri na mapigo yake, mpaka nikafika jangwani, na huko ndiko nilikomkuta yule mtu wa kuni.

Habari yake ni fupi, unaweza kuipita bila kujua. Wana wa Israeli wako jangwani. Wanamkuta mtu anaokota kuni siku ya sabato. Wanampeleka kwa Musa na Haruni. Halafu kambi yote inamtoa nje na kumpiga mawe mpaka anakufa. Jina lake hatuambiwi. Hatuambiwi kama alikuwa na mke, au kama kulikuwa na baridi siku hiyo.

"Mwalimu," nikasema, "kwa kuni tu?"

"Kwa kuni tu, mama."

"Kuni ngapi?"

Wanawake wakacheka. "Ati kuni ngapi! Anataka zipandishwe kwa mizani!"

Mwalimu pia alicheka, lakini kidogo. Akatazama pembeni mwa stoo, kama alivyozoea kutazama kila mara kabla ya kusema kitu kisichokuwa hesabu ya debe. "Kitu kikikushinda, mama, usifunge kitabu. Endelea kusoma."

Nikaendelea. Lakini yule mtu aliniganda. Kila nikiinama kuokota kijiti nilimkumbuka.

Hii ilikuwa hapa Ruiru, kwenye shamba la kahawa, mwaka wa pili wa hali ya hatari, serikali ikiwasaka waliokula kiapo cha kumfukuza Mzungu. Mimi na mume wangu ni watu wa magharibi ya nchi. Tulikuja kutafuta kazi, yeye akawa fundi wa mashine ya kumenya kahawa pale fakitori, mimi nikawa mchumaji. Tulipewa mlango wa tano kwenye laini ya milango kumi na minane. Karibu wote waliobaki walikuwa watu wa hapa hapa, Wakikuyu, na shida ya miaka hiyo iliwaangukia wao. Laini yetu ilizungushwa seng'enge. Nje ya seng'enge wakaanza kuchimba handaki. Wachimbaji walikuwa ni wanawake ambao waume zao walikuwa wamechukuliwa: mchana kahawa, na baada ya kahawa jembe, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili saa nane lango lilifunguliwa kwa ajili yao mpaka saa kumi, wakatafute kuni za wiki nzima.

Mimi sikuguswa na hayo. Jumamosi mchana nilikuwa huru. Nilitoka na kata yangu kichwani, nikarudi na mzigo, na askari wa lango akaniambia, "Pita mama."

Jirani yangu wa mlango wa nne alikuwa mmoja wa wale wa handaki. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, na paji lake la uso lilikuwa na alama ya mukwa, ile kamba ya ngozi wanayobebea mzigo mgongoni. Alikuwa na mapacha, msichana na mvulana, hata shule bado. Mume wake alichukuliwa asubuhi moja na lori na hakuna aliyejua alipopelekwa. Mimi na yeye tulikuwa tunasali kanisa moja, lile la shamba, tukikutana kwenye banda la shule. Tulikuwa tunaombana moto. Mtu moto wake ukizima, anatuma mtoto kwa jirani na kigae, anarudi na makaa mawili matatu. Hakuna aliyenunua kiberiti kama jirani ana moto.

Kanisa letu lilikuwa kali kuhusu siku ya Bwana. Kupika chakula kuliruhusiwa, kuokota kuni hapana. Kuni zilitakiwa ziwe ndani tangu Jumamosi. Kila aliyekubaliwa alikuwa na kadi ya kanisa, na kwa watu wa hapa kadi hiyo haikuwa ya mbinguni tu. Mzee wetu wa kanisa, ambaye siku za kazi alikuwa ndiye nyapara, alikuwa anapeleka orodha ya wenye kadi kwa ofisi ya serikali Thika. Aliyekuwa kwenye orodha alihesabiwa kuwa mtu wa kuaminika. Asiyekuwepo, siku lori likija, alipanda. Wengine walirudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa, wengine walienda kuhojiwa, na watoto walibaki na yeyote aliyewafungulia mlango.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo sababu siwezi kusema nilikosea kwa ujinga.

Jumamosi moja mvua ilinikuta kwa kahawa, kuni zangu zikalowa. Jumapili baada ya ibada nilikuwa nimekaa mlangoni, moshi umenijaa machoni na sufuria haijapata joto. Kama saa tisa hivi jirani yangu akapita mbele yangu na mzigo wa matawi ya kahawa yaliyokatwa, makavu kama mifupa, mukwa umemkaza kichwa mpaka macho yamevutika. Alipita mbele ya milango yote, kwa sababu njia ni moja. Hakujificha. Alinisalimu. "Habari ya mchana, dada."

"Njema," nikasema. Na ndani yangu nikasema: angalia huyu, anavunja siku ya Mungu na moto wake utawaka, mimi naishika na nalala njaa.

Saa kumi na moja moto wangu ukafa kabisa. Nikampa msichana wangu mkubwa kigae. "Nenda mlango wa nne uombe." Akarudi na makaa mekundu, nikapika. Na kabla ya filimbi mke wa mzee wa kanisa akaja kwangu na kifuniko cha debe. "Nipe moto, dada, wangu umenikasirikia." Nikampa.

Ule wivu ulinikaa wiki nzima. Mtu ambaye hajaishi na sisi tuliookoka hawezi kujua vizuri jambo hili. Tulifundishwa kwamba dhambi ikifichwa inaoza, na dawa yake ni kuitoa mbele ya wenzako, kwa mdomo, bila kuipamba. Alhamisi ilikuwa siku ya wanawake. Mmoja anasimama, anasema, nilimpiga mtoto kwa hasira, na wengine wanaimba. Mwingine anasema, nilichukua kikombe cha kahawa ya shamba. Wanaimba. Ukitoka hapo unatembea mwepesi.

Nilisimama. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa na wivu. Jumapili nilimwona jirani yangu wa mlango wa nne akibeba kuni kavu, na mimi zangu zimelowa, nikamchukia moyoni. Naomba Bwana anisamehe."

Nilingoja wimbo. Haukuja.

Jirani yangu hakuwepo, alikuwa handakini. Tulikuwa tunasikia majembe kutoka pale tulipokaa. Mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mzuri, si mchongezi, alikuwa ameinua uso. "Jumapili?" akauliza. "Umesema Jumapili?"

Niliona nilichofanya. Nilikuwa nimeenda kutoa dhambi yangu, nikatoa ya mtu mwingine. Mmoja akaanzisha wimbo baadaye, kwa sauti ya chini, na wengine wakafuata kama watu wanaofunika kitu.

Kesho yake, Ijumaa, mzee wa kanisa alikuja kwangu. Alikataa stuli, akakaa kwenye debe. Alikuwa bado na fimbo yake ya unyapara.

"Mke wangu ameniambia umetubu vizuri."

"Bwana asifiwe, mzee."

"Asifiwe. Lakini hujamaliza. Jumapili baada ya ibada wazee watakaa. Utasimama useme ulichoona."

"Nilitubu wivu, mzee. Sikuja kushtaki mtu."

"Najua. Lakini limetoka, na haliwezi kurudi." Akasugua magoti. Nilimwona amezeeka tangu mavuno. "Sikiliza, mama. Mzungu ameniita ofisini. Ameniambia, kanisa lenu akipatikana mtu mmoja wa mioyo miwili, banda nalifunga na wenye kadi wote wanapanda. Mmoja. Hakusema watatu."

"Kuni si kiapo."

"Mtu asiyeogopa siku ya Mungu, anaogopa nini?" Akangoja nijibu. "Wewe unasoma siku hizi. Yule aliyeficha nyara chini ya hema lake, si kambi yote ilipigwa vitani kwa sababu yake?"

"Ilipigwa."

"Basi. Jumatatu napeleka orodha Thika. Sitaki kuandika jina nisilolijua."

"Na mimi nikisema sikuona kitu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Utasema uongo mbele ya Bwana?"

Alikuwa ananijua. Akaondoka, na mume wangu, aliyekuwa amesimama ndani muda huo wote na kikombe mkononi, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Ulimi wako huo. Ungeuacha ukatubu peke yake jikoni."

Jumamosi asubuhi kabla ya kazi nilienda mferejini, kwenye bomba la laini. Maneno yalikuwa yameshafika.

"Karani amekuja," mmoja akasema. "Nyoosheni migongo, mnaandikwa."

"Mama, mimi leo nimepiga chafya mara mbili. Utaniandikia dhambi ngapi?"

"Msimchekeshe, atapoteza hesabu."

Niliweka debe langu kwenye foleni. Jirani yangu alikuwa mbele, debe lake limejaa, lakini hakulibeba. Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu asiye na hasira.

"Uliniona," akasema.

"Nilikuona."

"Si ulinisalimu? Ungeniambia hapo hapo. Ningekuambia."

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba wananitumia siku sita. Mungu akitaka siku yake, aongee na Mzungu kwanza."

Mwanamke mmoja akageuka kutazama lango. Maji yaliendelea kumwagika kwenye debe la mtu na hakuna aliyelisogeza. Maneno kama hayo, miaka hiyo, hayakuhitaji kuni kumpandisha mtu lori.

Akainama, akaweka mukwa kwenye paji. Alipokwisha kusimama na mzigo wake akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Dada, siku nyingine ukitaka kutubu, tubu yako. Yangu niachie."

Hakutaja moto. Angeweza kuutaja pale mbele ya wote, na mimi ningekwisha. Aliondoka na huo moto mdomoni mwake, hakuutema.

Siku hiyo saa kumi na moja nilikuwa wa kwanza nyuma ya stoo. Nilimwambia mwalimu nataka kila mahali palipoandikwa kuhusu kupiga mawe. Hakuuliza kwa nini, shamba zima lilijua kwa nini. Alifungua, akaweka kidole chake, akanisogezea.

"Hujafika huku bado. Ni mbele."

Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kwamba mtu hawezi kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Wawe wawili, au watatu. Na kwamba siku ya kupiga, mkono wa shahidi uwe wa kwanza juu ya yule mtu, halafu ndiyo watu wote wafuate.

"Mkono wa kwanza," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Si mkono wa mzee. Si wa askari."

"Wa aliyesema ameona."

Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na utomvu wa kahawa kwenye nyufa, ule mweusi usiotoka. Nilikuwa nimefikiri sheria ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama jirani yangu. Sikujua ilikuwa inanitafuta mimi.

Nikamwomba anirudishe kwa yule mtu wa kuni. Nilisoma tena, na nikaona mstari niliokuwa nimeuruka. Nilikuwa nimesoma kwa kidole, na mtu asomaye kwa kidole anaona neno tu, mstari hauoni. Waliomkuta walimweka kifungoni kwanza, kwa sababu ilikuwa haijaelezwa atendwe nini. Musa mwenyewe, aliyepanda mlimani, hakujua. Sheria alikuwa nayo mkononi na bado aliona afadhali angoje.

"Mwalimu, kwa nini hakuna anayehubiri hapa?"

Alifunga kitabu taratibu. "Mama, mimi sijakuonyesha kitu. Mimi ni karani." Akaanza kufuta mlango ingawa haukuwa umeandikwa chochote.

Jumapili ibada ilikwisha na watu hawakutoka. Wazee wanne walikaa kwenye benchi la mbele. Mezani kulikuwa na mkebe wa biskuti ambamo kadi zilikuwa zinarudishwa mtu akikosea. Jirani yangu alisimama pembeni, mapacha wameshika nguo yake, mmoja kila upande. Nje, lango lilikuwa bado halijafunguliwa. Askari alikuwa anazunguka na viatu vyake tulivisikia vikienda na kurudi kwenye changarawe.

"Dada wa mlango wa tano," mzee akasema. "Simama."

Nikasimama. "Nilimwona. Jumapili iliyopita, saa tisa. Alikuwa amebeba matawi ya kahawa."

Mzee akawageukia wenzake. "Mmesikia."

"Mzee, bado. Maandiko yanasema shahidi mmoja hatoshi. Nani mwingine aliona?"

Mzee akanigeukia. "Wewe sasa ndiye mwalimu wetu?" akauliza.

"Hapana mzee. Mimi nasoma kwa kidole tu."

Mtu alicheka nyuma na kukata kicheko katikati. Mzee alikuwa mtu wa haki kwa njia yake. Alijua ni kweli imeandikwa. Akainua uso. "Nani mwingine aliona?"

Milango kumi na minane. Njia moja. Wote walikuwa wamekaa nje mchana ule, na wote wakatazama chini. Nikafikiri, basi yamekwisha, Bwana ametoa njia.

Lakini jirani yangu akasema, "Msiwasumbue watu. Niliokota. Mlitaka nikaokote lini?"

Mzee akafumba macho kidogo. Nadhani na yeye alikuwa amefikiri ametolewa njia. Akavuta mkebe karibu. "Leta kadi yako."

Akafungua kitambaa cha kiunoni. Mmoja wa mapacha akaona kitambaa kinafunguliwa akadhani ni senti, akanyoosha mkono.

"Mzee," nikasema. Miguu yangu ilishafika mezani. "Mkono wa shahidi ndio wa kwanza. Na mkono wangu si safi." Nikaweka kadi yangu ndani ya mkebe. "Moto niliopikia Jumapili ile ulitoka kwa kuni zake. Nilimtuma mtoto na kigae. Alhamisi nilitubu wivu, moto nikauficha."

"Ni wewe tu?" mzee mwingine akauliza.

Nilijua moto ule ulikofika. Nilimwona mke wa mzee wa kanisa kwenye benchi la tatu, ameshika mtandio shingoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na yalikuwa ya kweli. Nikayameza. "Nasema wangu," nikasema.

Viatu vya askari vilienda, vikarudi. Halafu mwanamke wa mlango wa tatu akainuka, akasema, "Mimi pia nilichukua makaa kwake," akaweka kadi. Wa mlango wa saba akaja bila kusema. Mama mmoja mzee alikuja akisema, "Mimi sikumbuki, lakini mimi huchukua kila siku," na hata hapo watu walicheka. Wengine watatu wakafuata, na mwishoni akainuka mke wa mzee. Alitembea mpaka mezani akasimama mbele ya mume wake.

"Ule uji wako wa jioni," akamwambia. "Ulisema ni mtamu."

Akaweka kadi. Jirani yangu akaweka yake juu ya zote. Zilikuwa tisa.

Mzee wa kanisa alifunga mkebe, na kifuniko kilikataa, akakigonga kwa ngumi. "Haijaelezwa tufanye nini na jambo hili," akasema. Sijui kama alijua anasema maneno ya nani. "Litaenda Thika kwa mchungaji."

Nilitoka nikidhani nimefanya vizuri. Ilikuwa mpaka jioni, nikichochea uji, ndipo nilipoelewa. Kadi tisa zilikuwa ndani ya mkebe. Yangu haikuwa na kazi ofisini. Lori likija, mtu wa magharibi hakuna atakayemuuliza. Lakini wale wanane wengine walikuwa watu wa hapa. Nilikuwa nimetoa senti moja, na wao wakanifuata wakatoa shamba zima. Nilikaa na mwiko mkononi mpaka uji ukashika chini.

Jumatatu mzee alienda Thika na orodha, na mkebe kwapani. Jumanne alirudi bila mkebe. Alipita laini akiita watu kazini na hakumtazama mtu. Wanawake wale wanane hawakunisemesha vibaya. Walinyamaza tu nikipita. Nilikuwa natamani wanitanie, waniite karani.

Lori lilikuja Jumatano, saa nane mchana, tukiwa tumepanga foleni ya mizani na debe zetu. Ofisa aliteremka na karatasi. Tulipangwa upya, watu wa hapa mkono mmoja, sisi wengine mkono mwingine. Nilijikuta ng'ambo, mahali pasipo na hatari, nikiwaangalia.

Ilikuwa ile orodha ya mzee: jina likisomwa, mtu amepona, anatoka na kusimama kando. Wa mlango wa tatu aliitwa. Mama mzee aliitwa mara mbili, hakusikia ya kwanza. Wa mlango wa saba. Mke wa mzee. Niliwahesabu kwa vidole ndani ya leso. Saba wa mkebe walikuwa wametoka, na ofisa akageuza karatasi, akaona nyuma ni tupu, akaanza kuikunja. Jirani yangu alikuwa bado amesimama na mapacha. Hakulia. Alikuwa anamfunga mvulana kifungo cha shati, chini kwenda juu, kama mtu mwenye siku nzima.

Ofisa akaisimamisha karatasi karibu na uso. "Kuna moja hapa chini," akasema. "Nani aliandika hivi?"

"Mimi, bwana," mzee wa kanisa akasema.

"Imebanwa sana."

"Karatasi ilikwisha, bwana."

Akalisoma. Jirani yangu akamaliza kifungo, akawashika watoto mikono, akatoka kando.

Waliopanda walikuwa watu watano, wa laini ya chini, ambao hawakuwa wa kanisa lolote. Mmoja alikuwa ameniuzia vitunguu wiki ile. Alipanda na debe lake la kahawa, akasahau kuliacha, mpaka askari akalichukua akalimwaga. Lori likashika njia ya Thika. Tuliokota zile buni moja moja, kwa sababu nyapara alituambia tuokote, na kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Mzee alinipita karibu. "Mama," akasema bila kusimama, "usiniletee Maandiko tena mpaka mwezi uishe."

Kadi zilirudi siku kumi baadaye, zote tisa, bila barua. Mchungaji alisema nini hatujui. Mzee aligawa mlango kwa mlango, na hakuhubiri habari ya kuni tena.

Watu wananiuliza, kwa sababu najulikana kama msomaji, Mungu mwema aliwezaje kuweka sheria kama zile. Mimi huwaambia ninachojua, na si kingi. Ilikuwa kambi, jangwani, bila jela wala mahali pa kumpeleka mtu, na watu wa kambi wanaogopana. Nimeishi kwenye kambi, najua hofu ya namna hiyo. Sheria iliwafunga pia waliokuwa na mawe, iliwaambia msiwe mmoja, na mkono wako utangulie, ujue unachofanya. Lakini yule mtu alikufa. Hilo silipaki sukari. Nikifika hapo nasoma polepole, naomba, naendelea mbele, kwa kuwa ni neno la Mungu na mimi si wa kuchagua kurasa. Kuna siku nitamuuliza Mwenyewe.

Jirani yangu hakuja tena kuomba moto kwangu, wala mimi sikuthubutu kutuma mtoto kwake. Mume wangu alinunua kiberiti. Lakini Jumamosi iliyofuata, nikitoka na kata yangu, niliokota mizigo miwili. Mmoja niliuweka mlango wa nne, umefungwa kwa kamba yangu ya katani. Yeye alikuwa handakini. Jumapili ulikuwa bado pale. Saa nane lango lilipofunguliwa alikanyaga juu yake akatoka, akarudi na wake. Jumatatu ulikuwa na siafu.

Jumamosi ya pili nikaweka mwingine. Ilikuwa hivyo hivyo.

Ya tatu, niliweka nikaingia ndani nisione. Jumapili lango lilipofunguliwa nilisikia majirani wengine wakitoka, mlango wa nne sikuusikia. Nilikaa na kitabu mapajani bila kusoma. Jioni moshi ulitoka kwake, mwembamba, wa kuni kavu. Nilipofungua mlango Jumatatu asubuhi, kamba yangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mlango wangu, imekunjwa mara nne.

Ilikuwa hivyo kila wiki, mzigo Jumamosi, kamba Jumatatu, mpaka walipohamishwa watu wa hapa wote kwenda kijiji kipya na laini yetu ikabaki karibu tupu. Kamba bado ninayo.